Namsikia

Mimi paka siwapendi. Nasema mapema ili mtu asisome hadi mwisho akitegemea nitabadilika. Lakini kutopenda kitu unaweza kuishi nako. Kinyaa ndicho kinachokufuata hadi mezani.

Mama yangu anaishi Rahaleo, peke yake tangu baba afariki. Mimi nilipanga Ufukoni, na kila Jumapili aliniagiza nimletee mchanga wa pwani, ndoo ndogo moja, nami niliuacha kibarazani nikaondoka. Nilidhani ni wa kupandia maua. Kisukari kilipoanza kumfifisha macho nikahamia kwake, na siku ya kwanza nikakuta mchanga wangu ndani ya beseni nyuma ya mlango wa chumba chake, na jipaka dume la kijivu limeuchuchumalia, linanitazama. Miezi yote ile nilikuwa nabeba choo cha paka kwa mkono wangu mwenyewe.

Halikuwa linatoka nje. Mama aliliita "mwenzangu". Jirani akipiga hodi na kumjulia hali, alijibu, "Hatujambo, mimi na mwenzangu," na kwa wiki nzima nilijidanganya kwamba mwenzake ni mimi. Walikula sahani moja. Ndugu zetu wa Kitaya wakileta samaki wakavu wa mtoni, mama alipapasa miiba kwa vidole, tonge la kwanza akatia kinywani kwake, la pili akalilisha paka, halafu mkono uleule ukarudi kwenye ugali ninaoula na mimi. Manyoya yake niliyakuta kwenye chai, kwenye mswaki, siku moja kwenye kona ya jicho langu. Nikilalamika, mama alikunjua uso na kusema paka si najisi, hata maji aliyoyanywa unatawadhia. Sikatai dini. Ila dini haikunilazimisha kuyanywa.

Kilichonishinda kabisa kilikuwa kile cha mchana. Mama akishaswali adhuhuri alijilaza kitandani, na lile paka likajikunja miguuni pake na kuanza kumlamba nyayo. Ulimi wa paka una mikwaruzo, uliusikia ukiwa sebuleni, kama mtu anayeparuza muhogo. Nyayo zenyewe zimepasuka, mate yanaingia kwenye nyufa. Nilikuwa naongeza sauti ya redio nisiusikie.

Na hapo ndipo penye aibu yangu. Kliniki walikuwa wamenieleza mimi, uso kwa uso: kisukari huua hisia za miguu, mgonjwa anaweza kupata kidonda asijue, na kidonda kikicheleweshwa mguu unakatwa. Nimwangalie nyayo kila siku, hadi katikati ya vidole. Niliitikia vizuri sana. Nikarudi nyumbani, nikaitazama ile miguu yenye mate ya paka, nikasema kesho. Kesho yake nikamuuliza kwa mbali, nimesimama mlangoni, "Mama, unamsikia huyo anavyokulamba?"

"Namsikia sana," akasema, na uso ulivyomchangamka ungedhani anaongelea mjukuu. "Ananipenda, mwenzangu. Namsikia kila siku."

Basi nikamshukuru Mungu. Kama anasikia ulimi, atasikia na kidonda. Sikuinama kuangalia siku ile, wala wiki ile, wala mwezi ule.

Mvua zilipoanza, paka likaachana na mguu wa kushoto. Likang'ang'ania wa kulia tu, kwenye vidole vya mwisho. Linanusa, linaacha mdomo wazi, linarudi kulamba. Siku ya tatu nilikuwa sebuleni natafuna korosho, ule mkwaruzo ukawa wa majimaji. Sina namna nyingine ya kuueleza. Hasira zikanipanda, nikachukua fagio nikaingia kulitandika. Halikukimbia. Nikainama nilikamate ngozi ya shingo, na harufu ikanipiga usoni kabla sijaligusa. Kati ya kidole cha nne na cha mwisho palikuwa na tundu limelowa, kingo zake nyeupe, na manyoya ya kijivu yamenata ndani. Nilitapika korosho zote kwenye beseni la mchanga, ndilo lililokuwa karibu.

"Nini tena?" mama akauliza, ametulia, miguu ameinyoosha.

"Mama, huumwi?"

"Wapi?"

Nikakishika kidole chenyewe, nikakifinya. "Hapa unanisikia?"

"Nakusikia. Si unaongea?"

Hapo nikajua kwamba siku zote zile alikuwa akilisikia paka kwa masikio.

Daktari alisema mate ya paka yalikizidishia kidonda uchafu. Akasema pia kwamba ningechelewa wiki moja zaidi, mguu ungekatwa juu ya kifundo. Alikitoa kidole cha mwisho. Mama hakulia, kilichomsumbua pale wodini ni nani anamlisha mwenzake. Nilimlisha mimi, kanga nimeifunga puani.

Sasa kila asubuhi nalifungia paka nje ya chumba, linaparura mlango, nami namuosha mama miguu kwa sabuni na kuikausha kwa kitambaa safi, hadi katikati ya vidole. Kinyaa hakijaisha. Ngozi inanibandukia mkononi, nameza mate, naendelea. Wiki ya kwanza, mguu wake ukiwa mapajani pangu kwa muda mrefu, aliuliza kama nimeshaanza.

"Nimeanza zamani, mama."

"Mwenzangu alikuwa na mkwaruzo wake. Wewe nitajuaje kama upo? Sema kitu."

Maneno ya mapenzi sina, sikuyazoea. Kwa hiyo nahesabu vidole kwa sauti, kimoja kimoja, huku navifuta. Mguu wa kushoto nafika tano. Wa kulia nikifika nne nanyamaza, na kila mara mama huuliza kama bado nipo.