Vitenge vya Kumpokea Rubani

Elibariki bwana, mdomo anao. Alipopewa ile ndege ya injini moja aifikishe Moshi, akampigia mama yake simu huko Vudee: "Mama, Jumamosi natua Same! Njoo na kwaya. Nikitua mimi, chai kwenye kikombe haitikisiki!"

Kweli Mama Raheli akashuka mlimani na kwaya nzima ya Walutheri kwenye Fuso, beseni la makande mapajani. Mtoto wetu anarusha ndege, halafu akanyage vumbi kama sisi? Thubutu! Wakamtandikia vitenge pembeni ya kiwanja cha ndege.

Elibariki akatokea. Toka juu akaona upepo wa mlimani unakikata kiwanja ubavuni. Vitenge vinaruka, wamama wanavikimbiza na kuvikandamiza kwa mawe. Moyo ukamwambia pandisha, nenda zako Moshi. Lakini mikono ile yote inampungia! Akashuka.

Gurudumu moja likagusa, ndege ikadunda. Ikagusa tena, imekaa upande. Akakanyaga pedali ya kushoto, yenyewe inataka kulia. Akakanyaga zaidi, mkia ukataka kutangulia mbele. Ndege ikatoka nje ya kiwanja, upande wa pili, mbali na wamama, ikazunguka, bawa likachimba kwenye miiba, propela ikajikunja kama jani la mgomba. Wimbo wa kwaya ukakatika katikati.

Akatoka mzima. Hata mchubuko wa kuwaonyesha watu hana!

Baba yake mdogo, Zephania, akafika anahema. "Pole, baba. Upepo wa Same hauna adabu. Hata lori la mkonge unalilaza."

"Ni upepo!" wote wakaitikia. Mama yake akamfuta vumbi usoni kwa ncha ya kanga, mbele za watu, kama mtoto wa chekechea.

"Na ile chai, kaka rubani?" Maua wa sauti ya pili akachokoza. "Imebaki kikombeni?"

Wakacheka, na furaha ya kumkuta hai ikawazidi, wakaanza kuimba shukrani huku wakimvusha kiwanja kurudi kwenye vitenge. Hapo ndipo alipotamani ardhi immeze.

"Haya, baba, pita," mama akamwonyesha vitenge.

Hakuinua mguu. "Mama, niliviona."

"Uliona nini?"

"Hivi vitenge. Vilikuwa vinaruka, mnaviwekea mawe. Nilijua upepo umenizidi. Sikutakiwa kutua. Nikaona haya kuwapita."

Zephania akakohoa, akaangalia viatu vyake. Kwaya ikafifia, mmoja mmoja.

Elibariki akainama, akaanza kutoa mawe na kukunja vitenge mwenyewe. Cha mwisho kikamponyoka. Upepo ukakibeba, ukakivusha kiwanja kizima, kikanasa kwenye lile bawa lililovunjika, kikawa kinapepea pale kama bendera.

Alitegemea mama atasema kiache.

"Kakichukue," Mama Raheli akasema taratibu. "Cha Maua kile, nimeazima."

Akavuka kiwanja peke yake, huku wote wanamtazama. Safari hii hakuna aliyempungia.