Mtoto Asiyejua Kusema Hapana

Miaka ya sabini nilikuwa nikifundisha darasa la kwanza Ruring'u, na ile kazi niliipenda, baridi na matope yake yote. Kitu ambacho sikukipenda ni kile kipimo cha masikio. Mkaguzi alikuja, akasimama nyuma ya mtoto ili mdomo wake usionekane, akatamka maneno mawili, kisha akauliza, "Ni neno moja?"

Watoto wa madukani walijibu "hapana" bila haya. Lakini kulikuwa na msichana mmoja aliyelelewa na cucu wake, nyanya mkali wa adabu.

"Taa, saa. Ni neno moja?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bata, pata?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Ndiyo, ndiyo, mpaka mwisho; kwake kila mtu mzima pale shuleni alikuwa Mwalimu. Mkaguzi akaamua: masikio mabovu, aende shule ya viziwi, akalale huko huko bwenini. Cucu alipoitwa akaambiwa, alikaa chini kwenye nyasi. Walikuwa wawili tu katika ile nyumba. Jamani, niliumia! Mtoto huyu ukimnong'oneza kutoka mlangoni anaitika.

Wakati wa mapumziko nikamsikia uani akimgombeza rafiki yake: "Si shai! Sema chai!"

Nikasimama hapo hapo. Kumbe! Anasikia vizuri kutushinda. Ni vile tu kwetu mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mtu mzima hapana.

Nikamkimbilia mkaguzi kabla hajapanda baiskeli yake. "Bwana, hebu yule msichana aulizwe na rafiki yake." Alifyonya, lakini akarudi darasani. Cucu akatufuata, akabaki mlangoni.

Rafiki akasimama nyuma ya msichana. "Taa, saa. Ni neno moja?"

"Hapana! Wewe, hata saa hujui?"

"Bata, pata?"

"Hapana! Wacha ujinga."

Hakukosa hata moja. Darasa zima likacheka, na mimi pia, nikishindwa kujizuia. Mkaguzi hakucheka. Alisema labda mtoto amebahatisha. Akazunguka, akachuchumaa mbele yake, akamuuliza polepole, kwa upole kabisa:

"Unataka kwenda kukaa shule ya mbali, umwache cucu?"

Msichana akainamisha kichwa. Machozi yakaanza kumtoka.

"Ndiyo, Mwalimu."

 Mkaguzi akainuka, akamgeukia cucu.

"Mama," akasema, "mpeleke mtoto nyumbani akanywe chai."