Benchi ya Mwanasiti

Mutaa wote wa Bwiza walikuwa wanamucheka Mwanasiti juu ya benchi yake. Alikuwa infirmière, muuguzi wa kutibu watu kwake nyumbani, na ukishapigwa sindano kwake, hakuachilii. Unakaa mbele ya mulango nusu saa, unaangaliwa kama mandazi kwenye mafuta.

Sasa wakati wa vita, nani alikuwa na nusu saa? Kila mutu anataka kufika kwake mbele ya kuvre-fe, ile saa ya kukatazwa kutembea inje. Kwa jirani yake Léonce, naye muuguzi, unapigwa sindano, unafunga mukaba, unaenda. Kwa Léonce hakukuwa benchi, lakini wateja walikuwepo. Mwanasiti alibaki na wachache, na swali lake lilelile.

"Kuna dawa imeshakukatala?"

"Mi sijakatalwa na dawa, dada. Nilikatalwa na bibi tu," akajibu Shaabani, fundi wa magari, siku ile alikuja na mguu umejaa usaha. "Na peniselini nilishapigwa, haikunifanya kitu."

"Mara ingine mwili unakubali kwanza, halafu unakasirika." Akamupiga peniselini. "Nenda ukae."

Shaabani akakaa, akinung'unika. "Dada, kuna Toyota inaningoja."

"Itangoja."

Hakukawia, akaanza kujikuna viganja. Midomo ikavimba, sauti ikakauka, pumzi ikaanza kupiga filimbi. Akateleza kwenye benchi mpaka chini.

Watu wakajaa. Sumu, wamemupa sumu: miaka ile kila kitu kilikuwa sumu. Mama Khadidja akatoka mbio na maziwa, maana Bwiza yote inajua maziwa yanakata sumu. Wanaume wawili wakamushika makwapa wamusimamishe, eti atembee.

Mwanasiti alijua: akisimama, ataenda moja kwa moja kaburini.

"Mulalisheni. Miguu juu. Na hayo maziwa, mama, kunywa we mwenyewe."

Adrenaline yake, dawa ya kufungua pumzi, ile alihangaika kuitafuta wakati ambarigo, kule kufungiwa bidhaa za inje, ilifanya hata aspirini kuwa adimu na ghali kama harusi, ilikuwa tayari kwenye sindano. Akaipiga kwenye paja, akipitisha kwenye suruali yenye grisi. Akashika mukono wa fundi, akahesabu mapigo, mudomo unasoma Bisimilahi.

Filimbi ikapunguka. Ikakatika. Shaabani akafungua jicho moja.

"Toyota," akasema.

"Inangoja."

Bwiza ikapiga makofi, Mama Khadidja na maziwa yake yote. Taksi ikamupeleka hospitali wamuchunge mpaka kesho, Mwanasiti pembeni yake. Asubuhi, Léonce alikuja kuuliza dawa ile inapatikana wapi. Akaelezwa yote, na wiki ile naye akatafuta benchi.

Lakini ya Mwanasiti ndiyo ilibaki sultani. Shaabani aling'oa viti vya Peugeot iliyokufa, akachomelea, akaweka pale mulangoni. Watu walikuja wakakaa bila kuombwa, wengine hata hawajapigwa sindano.

Siku moja Shaabani alirudi na jipu. Mwanasiti akamutazama.

"Kuna dawa imeshakukatala?"

"Peniselini," akasema Shaabani, akivuta kiti chake. "Na bibi."