Zaina amekataa kuingia hospitali ya Amerika

Binti yangu iko mbele ya mulango ya hospitali, tumbo inamukata, na anakataa kuingia!

Ni leo hii, nyuma ya sala ya adhuhuri. Zaina anapiga simu toka Amerika, analia.

"Baba, niko ndani ya motokari. Siwezi hata kusimama."

"Ingia basi!"

"Asuransi yangu, bima ya matibabu, haina hii hospitali. Huku kila asuransi iko na liste ya hospitali zake. Nikiingia hapa, fakture ya kulipa itanimaliza."

Liste!

Wakati wa vita mimi nilisukuma mama yake ku kinga, baiskeli yangu, toka muji ya Kama mupaka Kindu, waaskari njiani, yeye iko na mimba ya huyu Zaina. Nani aliniuliza liste? Nani mwingine hapa Kindu angeweza?

Lakini niliogopa. Kwetu, bila kulipa mbele, hawakugusi.

"Wanataka malipo kwanza, mbele ya kukutibu?"

"Hapana, Baba. Mugonjwa wa haraka, sheria inasema wamupokee kwanza. Fakture inakuja nyuma."

"Nyuma! Na weye uko unalia ndani ya motokari? Shuka! Usikate simu, nisikie mulango."

Nikasikia mulango.

Kisha simu ikakatika, na sikupata habari mupaka magaribi. Sikukula kitu.

Sasa hivi ameandika: wamemupasua tumbo, iko muzima. Kule hawaombi ndugu wa kulala chini karibu na kitanda. Wanaomba jina moja ku karatasi, muntu wa kuita hali ikiwa mubaya.

Ameandika yangu, na namba yangu ya Kindu.

Nani kati yenu hapa Kindu jina yake iko ku karatasi ya Amerika?

Na musinipigie leo. Simu hii iko na kazi: inangoja Amerika.