Neno la Herufi Sita

Baba alipostaafu ualimu wa Kiswahili, yeye na Mama walikuja kukaa nami Kiganjo, Thika. Hakuja na mizigo mingi, ila tabia yake ya kujaza chemshabongo ya gazeti kila Jumamosi hakuiacha nyuma. Alikaa kibarazani na kalamu ya wino, maana penseli aliiona ni ya watu wasiojiamini.

Nyuma ya ua wetu palikuwa na kanisa la mabati. Waumini wake hawakujaza mabenchi manne, lakini spika zake zingetosha uwanja wa mpira. Jumamosi ilikuwa siku ya mazoezi ya kwaya.

Jumamosi moja Baba alikwama. Swali lilisema: sauti nyingi zinazokera, herufi sita. Akaandika ghasia, neno la mtu aliyesoma. Tatizo, herufi ya tatu ilipaswa kuwa L, kwa sababu hapo ndipo lilipoanzia neno la kushuka chini, lami, kitu kinachofunika barabara. Nikamwambia labda jibu ni neno la kawaida tu. Alinitazama kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Akaikata lami kwa mstari, akaanza kutafuta kitu kingine kinachofunika barabara, ila kianze na A. Kwa hali ya mtaa wetu, lami haikuwa na wa kuitetea.

Kwaya ikapandisha sauti. Baba akakunja gazeti, akasema hawezi kufikiri, akavaa koti na kutoka. Nikamfuata, nikihofia aibu kuliko ugomvi.

Pasta, mtu mchangamfu, alimpokea kwa mikono miwili. Baba akamweleza kwa Kiswahili sanifu kwamba majirani nao wana masikio. Pasta hakusikia hata neno moja. Akidhani mzee ana ushuhuda, akamsogezea maiki mdomoni.

"Kelele!" Baba akasema.

Neno likatoka kwenye spika, likaenea mtaa mzima. Kwaya ikajibu, "Amina!"

Baba alisimama pale, midomo ikihesabu herufi. Kisha akarudi nyumbani bila kuaga, akairudisha lami mahali pake na kujaza neno lake kwa hasira, kama mtu aliyeshindwa na mtoto wa nasari.

Jioni pasta alikuja kunywa chai, akasema ameguswa na ujumbe mfupi wa mzee. Nilipomfafanulia, alishangaa kwa dhati; yeye alijua zile nyimbo ni sifa kwa Mungu. Akaahidi kuzigeuza spika mbili, na kweli alizigeuza, zikaelekea shule ya bweni iliyo jirani. Siku chache baadaye naibu wa mwalimu mkuu alibisha hodi kwetu, akiuliza ni nani aliyetoa wazo hilo.

Mama hakuwa ameulizwa chochote. Jumapili akafunga kitambaa, akaelekea kanisa lile lile.

"Mahubiri yote nayasikia jikoni," alimwambia Baba. "Afadhali niyasikie nikiwa nimekaa."

Sasa anaimba sauti ya kwanza, na Jumamosi Baba hujipakulia chakula mwenyewe.