Jicho Alilolifumba Fundi Sekunde

Jina lake la kuzaliwa alilijua mkewe na karani wa vitambulisho. Sisi wengine tulimwita Fundi Sekunde, maana alitengeneza saa za mkononi, na ukimwuliza atamaliza lini hujibu, "Sekunde tu." Basi unarudi wiki ijayo. Kibanda chake kilikuwa chembamba hivi kwamba ukiingia na mkoba, mmoja wenu lazima asubiri nje.

Alifanya kazi kwa jicho la kulia. Humo ndimo alimobana lenzi. La kushoto akalifumba, kutwa nzima, miaka thelathini na ushee. Kwa hiyo ugonjwa ulipoingia jicho la kushoto, ulijikalia raha mustarehe. Wekundu alisema ni vumbi. Vidoa vyeusi vilivyoelea mbele yake alivipunga kwa mkono akidhani ni nzi.

Siku moja chembe ya chuma ikamrukia jicho la kulia. Akalifunika kwa leso, akafumbua la kushoto, akamtazama mkewe aliyemletea chai.

"Wewe nani?"

"Umeanza utani wako."

"Mama watoto, sikuoni uso. Naona ukungu mtupu."

Chembe ilitoka kwa maji. Ukungu ukabaki palepale. Hapo ndipo moyo ulipompasuka: ukivuka upande wa pili, kazi imekwisha.

Daktari wa macho alikuwa binti, rika la kitinda mimba wake. Alimtia matone, akamulika ndani ya jicho kwa muda mrefu, akaagiza vipimo vya ngozi na damu na picha ya kifua. Majibu yalipokuja, Fundi akaenda na mkewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Niambie, usinizungushe."

"Nilivyoona ndani, ukijumlisha na vipimo, ni kifua kikuu cha jicho."

Fundi akaangua kicheko. "Kifua kiko huku, jicho liko kule. Na mimi sijakohoa tangu mwaka juzi!"

"Wengi wenye hiki hawakohoi, mzee. Vijidudu huingia kwa pumzi, vikaweza kulala mwilini miaka, kisha damu ikavibeba hadi kwenye mfupa, figo, au jicho. Picha ya kifua chako ni safi."

Mkewe akaingilia. "Ataniambukiza akinitazama?"

"Hapana, mama. Ila na wewe upimwe, huenda aliyemwambukiza ni mtu wa karibu."

"Basi anitazame tu. Alikuwa ameshaanza kunisahau."

Akapewa vidonge vya miezi tisa, na dawa nyingine ya kutuliza uvimbe. Daktari akamwonya kwamba kidonge kimojawapo nacho huweza kuligusa jicho, kwa hiyo akiona rangi nyekundu imefifia, asingoje siku ya miadi. Alimwambia pia kuwa mkojo utageuka rangi ya chungwa. Hilo Fundi hakulisikia, na siku ya kwanza alipiga ukelele msalani hadi majirani wakagonga mlango.

Mwezi wa tatu ukungu ulikuwa umeondoka. Fundi akaviacha vidonge mezani. Siku mbili zikapita, mkewe akivihesabu. Siku ya tatu akamfuata kibandani, akatungua saa moja ukutani, mahali saa zilizotengenezwa zilipotundikwa kwa siku tatu nzima kabla ya kukabidhiwa wenyewe.

"Hii inatembea," akasema. "Mwenyewe yuko nje, nimpe?"

"Thubutu! Nimeitundika leo asubuhi!"

"Si inatembea?"

"Inaweza kusimama usiku huu huu, wewe mwanamke, hujui..." Akavikumbuka vidonge alivyoviacha mezani. Akaitundika saa, akafunga kibanda mchana kweupe, wakaenda moja kwa moja kwa daktari. Fundi mwenyewe ndiye aliyekiri. Akasemwa kama mwanafunzi, na tangu hapo hakuruka hata kidonge kimoja.

Mwezi wa tisa ulipokwisha, alikalishwa mbele ya ubao wa herufi, jicho la kulia limezibwa. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne, sauti ikipanda kama anaita wateja. Wa tano ukamshinda.

"Hapo pana kovu, mzee," daktari akasema. "Halitaondoka. Lakini ugonjwa umekwisha, na jicho la pili halikuguswa."

"Mistari minne?"

"Minne."

"Inatosha kabisa," akasema Fundi, akainuka. "Niandikie siku ya kurudi kupimwa, mwanangu. Safari hii nitakuja kabla hujaniita."