Miaka Aliyoificha Bi Siti

Bi Siti wa maktaba ya Konde alikuwa mkali kwa watu wasiorudisha vitabu, lakini likitajwa jina la mwanawe alikuwa mnyonge kabisa. Ame alikuwa mwalimu na mtunzi wa mashairi. Mwaka 2009 alipanda mashua iliyobeba karafuu za magendo kuelekea Shimoni, Kenya. Mashua haikufika, wala haikurudi. Watu walipotaka kumsomea hitima, Bi Siti aliwatimua. "Maiti yake mmeiona?" Basi mkewe, Moza, akabaki pale pale kwa mkwewe, si mke wala mjane, na kwa kadhi hakwenda kwa kumwonea haya mama mtu.

Miaka ikapita, maktaba ikaletewa kompyuta. Bi Siti akapewa kazi ya kupanga ukurasa wa matokeo: mtu akitafuta mtunzi, aone nini, na kianze kipi. Kila mtunzi alikuwa na rekodi ya jina lake, na kazi zake zingekaa chini ya jina hilo. Mzee Jecha, mkuu wake, alimwagiza aonyeshe jina, mwaka wa kuzaliwa, kistari, kisha mwaka wa kufa. Maana Pemba sisi tunawapa wajukuu majina ya babu zao, na bila miaka utawatambuaje?

Bi Siti alijaribu. Kwenye jina la mwanawe kistari kikabaki kinaning'inia, na kila alipokiona moyo ulimchanika. Kukifunga hakuweza, kukitazama hakuweza. Akaificha miaka ya watunzi wote. Mzee Jecha alipouliza, alijibiwa kwamba ukurasa unapendeza zaidi ukiwa mweupe. Mzee wa watu akaridhika.

Kosa lilikuja kujionyesha kwenye sherehe ya skuli. Mtoto mmoja alisimama akaghani shairi la Ame, lile alilomtungia Moza walipooana. Machozi yakamlenga Bi Siti. Kisha mwalimu akashika kipaza sauti: "Shairi hilo ni la marehemu Mzee Ame Nyange Ame, mtunzi wetu wa kabla ya Mapinduzi. Tumelipata maktaba."

Babu yake Ame! Naye alikuwa mtunzi, na jina lao moja hadi la tatu. Pasipo miaka, kompyuta iliwakusanya babu na mjukuu mahali pamoja, na mwalimu akamchukua yule anayejulikana. Watu wakapiga makofi. Moza, aliyeketi kando ya mkwewe, alijifunika uso kwa mtandio.

Bi Siti hakungoja pilau. Alimshika Moza mkono wakaenda maktaba, akawasha kompyuta, akairudisha miaka, akafungua rekodi ya mwanawe.

"Nimemfuta mwenyewe," alisema. "Nimekataa kwamba kafa, nikamfanya kama hakuzaliwa."

Moza alikuwa analia. "Tia mwaka ule alioondoka, mama. Kesho n'ende kwa kadhi, n'kae eda yangu."

"Kumbe weye ushaamini kafa?"

"Tokea mwaka ule ule, mama. Nilikuwa nakungoja wewe."

Bi Siti aliandika 2009. Ame akatokea kwenye mstari wake mwenyewe, chini ya babu yake, na mashairi yake yote yako naye. Hapo ndipo mama mtu alipoangua kilio, mpaka wenye maduka wakatoka nje kuuliza nani kafiwa.